HERUFI NAZO ZINA SURA
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, Dar es Salaam)



Nimetakiwa niseme machache juu ya nembo mpya ya chama chetu. Wapo wanaotaka kijana mwenye kompyuta atuchagulie herufi, kazi iishe kwa nusu saa. Naomba tufikiri kwanza, maana nembo ni uso wa chama. Mtu huuona kabla hajatuona sisi.

Wafanyabiashara wa mwambao walilijua jambo hili zamani. Kule Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana pia kwa jina la Abdulla, alizitia khanga zake alama ya "K.H.E. – Mali ya Abdulla". Herufi tatu na maneno matatu tu, lakini mnunuzi alijua khanga imetoka kwa nani.

Sasa tuje kwetu. Kutoka Magogoni kwenye kivuko mpaka Kariakoo, vibao vingi vya maduka viliandikwa kwa brashi, na mafundi waliojifunza kwa kumtazama fundi mwingine. Kazi yao ina elimu ndani yake. Chukueni jina KARIAKOO, ambalo midomo yetu ililitengeneza kutokana na "Carrier Corps", kikosi cha wapagazi cha Vita vya Kwanza vya Dunia. Ukipima nafasi za herufi kwa rula ziwe sawasawa, O mbili zitaonekana zimeachana, na R na I zitaonekana zimebanana. Kwa hiyo fundi huzisogeza O zikaribiane, tena huzipitisha mstari kidogo juu na chini, kwa sababu herufi ya duara iliyo sawa kwa rula huonekana fupi. Hakimu ni jicho, siyo rula.

Sisemi kwamba kompyuta ni adui. Programu nzuri hufanya marekebisho hayo hayo. Lakini herufi zake anazo kila mtu, na tukizichukua kama zilivyo, tutafanana na duka la simu na saluni ya jirani. Wakati huo huo, mabango ya plastiki yanayochapwa kwa mashine yamewapunguzia mafundi wetu riziki, na fundi akikosa kazi hapati mwanafunzi wa kumrithi.

Hoja yangu ni hii. Kamati itenge fungu, imwite fundi mmoja wa vibao achore jina letu kwa mkono, alipwe haki yake, kisha kijana wa kompyuta aliingize kwenye mashine. Halafu tulijaribu: tulipunguze litoshe kwenye mhuri, tulichape kwa wino mweusi mtupu, tulitazame kutoka ng'ambo ya barabara. Likisomeka mara zote tatu, tumepata nembo. Lisiposomeka, tumrudishie fundi kwa adabu, aanze upya.