Haki ya Kuahirisha: Kupanga Safari ya Mlima Hanang Msimu wa Wageni Wengi

(Mazungumzo na wananchi wa Gehandu, Mkoa wa Manyara)



Nimekuja kuzungumza juu ya Mlima Hanang, ambao ninyi mmeuona tangu utotoni na wageni huulipia fedha ili waufikie. Mlima huu una urefu unaozidi mita 3,400, nao umo katika hifadhi ya mazingira asilia inayosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, yaani TFS. Njia inayotumiwa na wengi huanzia Jorodom, jirani na mji wa Katesh.

Huenda mtu akauliza: kupanda mlima kunahusianaje na ulinzi wa mlaji? Jibu ni kwamba mara tu unapotoa fedha kwa ajili ya gari, kibali, mwongoza wageni, chakula au chumba cha kulala, wewe ni mlaji. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza mtoa huduma kukupotosha kuhusu bei, ubora au aina ya huduma anayokuuzia.

Wageni wa mlima huu huja kwa wingi katika vipindi viwili. Cha kwanza ni kiangazi, kuanzia Juni hadi Septemba, wakati njia ni kavu. Cha pili ni Desemba, shule zinapofungwa na ndugu zetu walioko Arusha, Dodoma na Dar es Salaam wanaporudi nyumbani. Vipindi hivi viwili havilingani. Desemba imo ndani ya mvua za vuli, kwa hiyo mwezi wenye watu wengi barabarani ni mwezi wenye tope jingi mlimani. Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi. Mwaka 2023 Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilitahadharisha mapema kuhusu mvua kubwa za El Niño. Tarehe 3 Desemba mwaka huo maporomoko ya tope, mawe na magogo yalishuka kutoka mlima huo hadi Katesh na vijiji vya jirani, na zaidi ya watu 80 walipoteza maisha. Walikuwa majirani na jamaa zetu.

Ndiyo maana katika mambo yote nitakayoyataja leo, nalitanguliza moja: kabla hamjalipa, kubalianeni juu ya haki ya kuahirisha safari.

Tuchukue mfano. Vijana sita wanachanga shilingi 50,000 kila mmoja, jumla shilingi 300,000, nao wanamtumia mjomba wao hapa kijijini awapangie safari. Mjomba analipa gari na mwongoza wageni. Siku ya safari inapofika, mvua imenyesha usiku kucha na mawingu yameufunika mlima. Mwongoza wageni anasita. Mwenye gari anasema fedha hazirudi. Hapo ndipo zile shilingi 300,000 zinapoanza kuamua badala ya akili. Watu wanapanda kwa sababu wamekwisha kulipa. Laiti mjomba angeuliza mapema swali moja, "Mvua ikitukataza, itakuwaje?", uamuzi wa asubuhi ile ungekuwa mwepesi.

Basi ulizeni swali hilo, na jibu lake liandikwe. Karatasi moja inatosha, au ujumbe wa simu ambao pande zote mbili zimeujibu. Uonyeshe tarehe, idadi ya watu, bei yote, na kilichomo ndani ya bei hiyo: je, kibali kimo? Chakula cha mwongoza wageni kimo? Gari linarudi kuwachukua saa ngapi? Kisha useme wazi: hali ya hewa ikiwa mbaya, safari itasogezwa hadi siku gani, au ni kiasi gani cha fedha kitarudishwa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Na ahadi isiyoandikwa ni vigumu kuidai. Ikiwezekana, lipeni sehemu tu ya fedha kwanza na kuacha salio hadi siku ya safari.

Kuhusu malipo yenyewe, ada za hifadhi ni fedha za Serikali. Hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo inayotolewa na ofisi husika, na hazitumwi kwenye simu ya mtu binafsi, hata akiwa na sare. Kwa huduma za watu binafsi, soma jina linalotokea kwenye simu kabla hujathibitisha kutuma. Jina likiwa si la yule mliyepatana naye, simamisha malipo kwanza, uulize. Ukipokea ujumbe wa kitapeli unaokutaka utume fedha, upeleke kwa namba 15040. Daini risiti kila mnapolipa, kwa kuwa ndiyo itakayowatetea mkipeleka malalamiko.

Kuhusu usafiri, mabasi ya abiria yana nauli kikomo iliyowekwa na LATRA. Wingi wa abiria wa Desemba haumpi mwenye basi ruhusa ya kuivuka. Kateni tiketi mapema, hakikisheni kiasi kilichoandikwa ndicho mlicholipa, na mkitozwa zaidi, toeni taarifa LATRA mkiwa na tiketi na namba ya gari. Gari la kukodi ni habari nyingine: bei yake ni ya mapatano, kwa hiyo ulizeni kwa watu wawili au watatu kabla ya kukubali.

Siku ya kupanda, kumbukeni kwamba safari ya kwenda na kurudi huchukua siku nzima. Ondokeni alfajiri ili giza lisiwakute njiani. Kila mtu abebe maji ya kumtosha, lita tatu au nne, kwa kuwa si jambo la kutegemea kuyapata huko juu. Bebeni nguo za baridi na viatu vinavyoshika ardhi. Mwacheni mtu mmoja nyumbani akijua mmepita njia gani na mnarudi saa ngapi. Jioni ya kuamkia safari, sikilizeni utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Mwongoza wageni akisema turudi, rudini. Mmemlipa kwa ajili ya ujuzi wake, na ushauri huo ni sehemu ya huduma mliyoinunua. Likitokea la kutokea, namba ya Zimamoto na Uokoaji ni 114, na ya Polisi ni 112.

Ikiwa mtoa huduma atakiuka mliyokubaliana, mwelezeni kwanza kwa utulivu, mkionyesha maandishi. Asipotekeleza, wasilisheni malalamiko Tume ya Ushindani, mkiambatisha makubaliano na risiti.

Nanyi vijana mnaoongoza wageni au kukodisha pikipiki na magari, msidhani maneno haya yamesemwa dhidi yenu. Mgeni aliyerudishiwa fedha yake kwa haki siku ya mvua, kiangazi kikifika atakutafuta wewe kwanza, tena atakuja na wenzake.

Sasa nakaribisha maswali.