Muniulize kwanza ninavyoitwa
(Maneno yaliyosemwa mbele ya vijana wa harakati, Bukavu, tarehe 19 Juni)



Leo ni siku ya dunia ya ugonjwa wa SS, siku iliyokubaliwa na Umoja wa Mataifa mwezi Desemba 2008. Nimeombwa niseme kwa sababu mimi niko SS. Kwenye tangazo la mkutano mumeandika: "ushuhuda wa mpiganaji". Basi nianzie hapo hapo.

Neno hilo tumelikopa. Kule Kampala na Nairobi watu wa SS walikuwa wanaitwa "sickler", na wengi wakaona neno hilo linamfanya mtu awe ugonjwa wenyewe. Wakachagua "warrior", shujaa wa vita. Wanaosema Kifaransa nao wakachukua "guerrier". Ninawaelewa kabisa, na kama kuna mmoja hapa ndani anajiita hivyo, ni haki yake.

Lakini hapa Bukavu, mpiganaji ni nani? 1996 waliingia, 2004 waliingia, Februari 2025 waliingia tena. Kila kizazi cha mji huu kiko na wapiganaji wake. Mama yangu akiambiwa mtoto wake amekuwa mpiganaji, atalia kwanza, kisha ataficha viatu vyangu.

Na kuna jambo jingine linaniuma zaidi. Mpiganaji akikufa, watu wanasema ameshindwa. Mtoto wa SS anayekufa Kadutu kwa kukosa chupa ya damu, ameshindwa na nani? Ujasiri alikuwa nao. Damu ndiyo haikuwepo. Tukimwita shujaa, tunamsifu yeye na kumsahau aliyepaswa kuhakikisha damu iko.

Majina mengine yanasema nini? "Drepano" linatoka kwenye neno la Kigiriki la mundu. Watanzania wanasema "selimundu", mundu ule ule, kwa sababu chembe nyekundu za damu zinajikunja kama mundu, zinaziba mishipa, na mifupa inauma vile siwezi kuwaelezea. SS yenyewe ni herufi za labo: S moja ya baba, S moja ya mama. Mwenye S moja ni AS, na hiyo si ugonjwa. Ila AS wawili wakioana, kila mimba iko na nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mtoto SS. Nigeria, India na Kongo yetu ndizo ziko mbele duniani kwa watoto hawa, na bado watu wengi hapa wanafika kanisani kufunga ndoa bila kujua herufi zao.

Hizo herufi mbili tumezigeuza jina la mtu. "Ule SS wa kwa jirani." Na nyuma yake kuna sentensi isiyosemwa kwa sauti: huyu hafiki miaka 20. Mimi niko na 26, na lisanse iko ndani ya farde.

Farde hiyo nimeitembeza sana. Ofisi moja, siitaji, iliomba cheti cha afya. Mtu akasoma SS, akanirudishia karatasi zangu bila kuuliza ninajua kufanya kazi gani. Pale sikutaka jina lolote la ugonjwa. Lakini usiku wa krizi, nikifika hospitali, ninataka daktari aandike SS kwa herufi kubwa kabla ya swali lingine lolote, maana akinichukua kama mtu wa malaria tu, masaa yanapotea. Mtu ni yule yule, na jina analolihitaji linabadilika kufuatana na mlango anaousimamia. Sisi kwa sisi tunaitana "ba SS" na tunacheka. Wewe ambaye hauko ndani, ngoja kwanza ualikwe.

Mji huu umeshajifunza jambo hili. Pale Panzi, wanawake wengi walikataa kubaki "victimes" maisha yao yote. Walisema wao ni "survivantes", na leo Daktari Mukwege naye anawaita hivyo anapohutubu. Watu wa VIH nao walipata jina la heshima, watu wanaoishi na VIH, na sheria ya 14 Julai 2008 inalitumia. Ni jina zuri, ila lilipofupishwa kuwa PVV, nimesikia watu wakilinong'ona mlangoni kama tusi. Kwa hiyo sitaki kuwadanganya kwamba jina jipya litamaliza dharau.

Ninaomba mambo mawili kwa harakati. Kwanza, kabla ya kuchapa bango au tishati, muulize mwenye mwili anataka mumwite nani, na akisema hataki kuitwa kitu, mumuache na jina la wazazi wake. Pili, nguvu ya kutafuta maneno makubwa tuiweke kwenye kudai: kipimo cha SS kwa kila mtoto anapozaliwa, na damu isiyosubiri mjomba atoke Bagira kwa mguu chini ya mvua.

Kuna daftari pale mlangoni. Atakayekubali kutoa damu aandike kundi lake na namba ya simu. Kwa wasiojua kundi lao, muandike namba tu, tutapanga siku ya kupima.