Nani Ataifundisha Mashine Kuijua Bajaji?

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani. Inachapishwa hapa kwa ombi la wanachama ambao hawakuweza kuhudhuria.)



Katibu wetu aliponiandikia akitaka niseme juu ya kazi yangu, nilimjibu kwamba kazi ya mhandisi wa barabara haina hadithi nyingi: ni lami, mifereji na foleni. Lami na mifereji nitaviacha. Leo nitasema juu ya foleni, na hasa juu ya jambo jipya lililoingia humo, yaani mitambo ya akili mnemba inayoitazama barabara kwa kamera, ikahesabu vyombo vinavyopita na kusaidia kuamua taa ipi iwake kijani. Katika jambo hili kuna kazi ya vyuo vikuu na kuna kazi ya wafanyabiashara, na watu wa pande zote mbili wamo humu ukumbini.

Taa za makutano kwa miaka mingi zimefuata saa. Upande huu unapewa sekunde kadhaa, upande ule sekunde kadhaa, hata kama upande mmoja hauna gari hata moja. Ndiyo maana katika miji yetu tumezoea kumwona askari wa trafiki amesimama katikati ya njia panda, anaziacha taa ziwake zinavyotaka, naye anapitisha magari kwa mkono. Watu humlaumu askari yule, lakini yeye anafanya jambo ambalo taa ya saa haiwezi kulifanya: anatazama. Akili mnemba barabarani ni jitihada ya kuifanya taa nayo itazame.

Je, inawezekana? Ndiyo, inawezekana. Katika mji wa Pittsburgh, Marekani, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon wakiongozwa na Stephen Smith walitengeneza mtambo unaoitwa Surtrac. Mwaka 2012 waliujaribu katika makutano tisa ya mtaa wa East Liberty. Kila makutano yaliyaona magari yanayokuja, yakajipangia yenyewe namna ya kuyapitisha, kisha yakayaarifu makutano ya jirani: jiandaeni, magari kadhaa yanawajia. Katika jaribio lile muda wa safari ulipungua kwa asilimia 25 hivi, na muda wa kusimama bure ukapungua kwa asilimia 40 hivi. Mwaka 2015 wataalamu hao waliunda kampuni, Rapid Flow Technologies, ili kuupeleka mtambo huo katika miji mingine. Mwaka 2022 kampuni hiyo ilinunuliwa na kampuni ya Canada iitwayo Miovision.

Angalieni safari hiyo. Elimu ilianzia chuoni, ikajaribiwa mtaani, ikawa biashara, na biashara ikauzwa nje ya nchi. Silaumu hata hatua moja katika hizo. Ila nataka tujiulize: mitambo ya namna hii inapofika kwetu, sisi tutakuwa wapi katika safari hiyo? Tutakuwa watengenezaji, washirika, au wanunuzi tu?

Niliwahi kukaa katika kikao ambapo wauzaji wa mtambo mmoja walituonyesha jinsi unavyohesabu magari. Ulifanya kazi nzuri sana kwa magari madogo na mabasi. Ilipopita bajaji, mtambo ukaiita gari dogo. Ikapita nyingine, ukaiita pikipiki. Kisha akapita mtu na mkokoteni wa maji, amebeba madumu yake, na mtambo haukumwona kabisa. Kwa mtambo ule, mtu yule hakuwapo barabarani.

Ndugu zangu, huo haukuwa uchawi wala ubaya wa mtu. Mashine za namna hii hufundishwa kwa picha. Watu hukaa na maelfu ya picha, wakachora mstari kuzunguka kila kitu na kuandika jina lake: hili basi, hii baiskeli, huyu mtu. Mashine hupitia picha hizo mara nyingi mno mpaka iweze kuvitambua vitu hivyo katika picha ambazo haijapata kuziona. Usichoifundisha haikijui.

Mkusanyiko mmoja wa picha uliotumika mno duniani unaitwa COCO. Ulitolewa mwaka 2014 na wataalamu wa kampuni ya Microsoft pamoja na wa vyuo vikuu vya Marekani, kikiwamo Cornell. Una aina 80 za vitu. Katika vyombo vya usafiri yamo magari, mabasi, malori, pikipiki, baiskeli, treni, ndege na mashua. Bajaji haimo. Mkokoteni haumo. Lakini twiga yumo, na tembo yumo, na pundamilia yumo, na hata vile vibao vya kutelezea kwenye theluji vimo! Mashine iliyosoma humo tu ingemtambua twiga akikatiza Barabara ya Morogoro, lakini bajaji iliyo mbele yake ingeipa jina la chombo kingine.

Sasa niwaambie waliofanya wenzetu wa India, kwa maana bajaji zenyewe jina lake lilitoka huko, kwa kampuni ya Bajaj. Wenzetu hawakukaa kulalamika. Taasisi ya IIIT ya mjini Hyderabad ilishirikiana na kampuni ya Intel. Walifunga kamera kwenye gari, wakazunguka Hyderabad, Bangalore na vitongoji vyake, wakapata picha 10,004 kutoka katika safari 182, na mwaka 2018 wakatoa mkusanyiko wao wenye aina 34 za vitu. Humo bajaji ina jina lake. Wanyama wa barabarani wana jina lao. Hata ukingo wa barabara usio na lami, ambao huko kama hapa kwetu magari huugeuza njia, umewekewa alama yake. Chuo kilitoa ujuzi na vijana wa kuifanya kazi. Kampuni ilitoa nguvu yake. Nchi ikapata mashine inayoijua. Mwaka 2021 ushirikiano huo ulifika katika jiji la Nagpur, ambako mabasi ya jiji yalifungwa kamera za kumwonya dereva na kusaidia kujua sehemu ambazo hatari hutokea mara kwa mara.

Msidhani kwamba Afrika Mashariki hatuna mwanzo. Mwaka 2010 John Quinn na Rose Nakibuule wa Chuo Kikuu cha Makerere walichapisha utafiti wao juu ya kupima mwendo wa magari kwa kamera katika miji iliyosongamana kama Kampala, ambako vyombo havifuati mistari. Mjini Nairobi, kuanzia mwaka 2012, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi walipanda matatu wakiwa na simu mkononi, wakaandika kila njia na kila kituo. Walishirikiana na vyuo vya MIT na Columbia vya Marekani, na kampuni ndogo iitwayo Groupshot. Mwaka 2014 wakatoa ramani ya njia za matatu zaidi ya 130, na takwimu zake wakaziacha wazi kwa kila mtu. Mwaka uliofuata njia hizo ziliingia katika ramani za Google. Kazi ile haikuanza na mtambo wa mamilioni. Ilianza na mwanafunzi aliyekubali kukaa kwenye kiti cha matatu na kuandika anachokiona.

Kwa hiyo nina mambo matatu ya kuwaomba wenzangu mlio katika biashara na mlio vyuoni.

La kwanza, mkishirikiana, andikeni tangu siku ya kwanza picha na takwimu ni mali ya nani. Kampuni hupenda kusema, "Tupeni kamera zenu, tutawapa mtambo bure." Lakini picha za barabara zetu, zikisha kuwekewa majina na vijana wetu, ndizo zenye thamani kubwa, mtambo unaweza kununuliwa kwingine. Chuo kibaki na nakala yake, na kiwe na haki ya kuitumia. Vinginevyo tutakuja kuuziwa kesho kile tulichokitoa leo, na nguo ya kuazima haisitiri maungo.

La pili, hesabuni watu, msihesabu vyombo tu. Daladala iliyojaa ni chombo kimoja, na gari la mtu mmoja ni chombo kimoja. Mtambo ukiambiwa upitishe vyombo vingi iwezekanavyo, utamsimamisha abiria wa daladala ili apite mwenye gari lake. Na mtoto wa shule anayesubiri kuvuka si chombo kabisa. Asipohesabiwa, taa itamsahau. Hilo si jambo la kompyuta. Ni jambo la haki, na linaamuliwa na watu wanaokaa mezani kabla mashine haijawashwa. Mimi nataka katika meza ile awepo mtu wa chuo asiyeuza kitu, aweze kuuliza: na waenda kwa miguu je?

La tatu, kamera ya kuhesabu magari isigeuzwe kamera ya kupeleleza watu. Ili kujua bajaji ngapi zimepita, hakuna haja ya kuhifadhi sura ya dereva wala ya abiria. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa za watu tangu mwaka 2019, na Tanzania ilitunga yake mwaka 2022. Mkataba wowote wa kazi hii uzifuate sheria hizo, na picha zikisha kuhesabiwa na kutoa takwimu, zisikae ghalani bila sababu.

Sasa nawageukia vijana. Huenda mnafikiri mambo haya ni ya watu wa mbali. Sivyo. Msingi wake ni hesabu mnazofundishwa katika madarasa haya: uwezekano, matriki, takwimu. Mkimwona mwalimu wa hesabu anawasumbua na matriki, mvumilieni. Picha ndani ya kompyuta si kitu ila jedwali kubwa la namba.

Tena iko kazi mnayoweza kuianza mwezi huu. Mashine yoyote ya kuhesabu magari hupimwa kwa hesabu ya binadamu. Mtu husimama barabarani na karatasi, akahesabu kwa macho yake, kisha hesabu yake ikalinganishwa na ya mashine. Pasipo hesabu hiyo, hakuna awezaye kujua kama mashine inasema kweli. Napendekeza, Ndugu Mwenyekiti, kwamba chama chetu kikisaidie kikundi cha hesabu cha shule kihesabu vyombo na watu katika njia panda iliyo jirani na lango letu, saa moja asubuhi na saa moja jioni, kwa wiki moja katika kila muhula. Waandike daladala, bajaji, bodaboda, malori, mikokoteni, na wanafunzi wanaovuka. Karatasi, kalamu na vizibao vya kuonekana barabarani nitavinunua mimi. Nawaomba wenzangu walio chuo kikuu waje kuwaonyesha namna ya kuzipanga takwimu hizo, na wenzangu wenye mabasi na malori wazisome, kwa kuwa zinahusu mafuta yao na saa zao.

Siku kampuni itakapokuja na mtambo wake, na ninaamini itakuja, isitukute mikono mitupu. Itukute na daftari lenye hesabu ya miaka mitatu au minne, tuiambie: mtambo wako umehesabu hivi, sisi tumehesabu hivi, na huyu mwenye mkokoteni umemwacha wapi? Hapo ndipo tutakapokuwa tumeanza kushirikiana.