Fedha ya Akiba Iwekwe Wapi? Maneno ya Karani mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Nakuru



Jambo ambalo wengi wenu mmelileta afisini mwaka huu ni hili: mtu aliyebakiwa na fedha kidogo aiweke wapi? Jambo hili lakigusa chama chenyewe pia. Katika mfuko wa mazishi mna shilingi 640,000, na imeletwa hoja kwamba shilingi 600,000 zitolewe tununue ploti. Hoja hiyo itapigiwa kura leo alasiri. Twaomba mtusikilize kwanza.

Neno la kwanza ni kufahamu ni fedha ipi iliyo ya ziada. Fedha ya karo ya Januari si ya ziada, hata kama Oktoba imelala tu. Na mwenye deni la simu hana ziada bado. Mkopo wa M-Shwari hutozwa ada ya 7.5 kwa mia kwa siku 30. Mtu akilipa hiyo kwa mwezi mmoja, kisha akatafuta mahali pa kupata 10 kwa mia kwa mwaka mzima, amejaza mtungi uliotoboka. Alipe deni kwanza.

Benki ya Posta wazee wanaijua. Ilianza mwaka 1910, na wengi wetu tulionyeshwa na baba zetu kile kitabu chake kidogo. Faida ya akiba ya benki kwa kawaida ni ndogo, lakini fedha hupatikana siku ile unapoihitaji. Tena, katika benki za biashara, amana hulindwa kwa sheria hadi shilingi 500,000 kwa kila mwenye akaunti katika benki moja, tangu mwaka 2020, endapo benki itaanguka. Kabla ya hapo ilikuwa 100,000 tu.

Chama cha akiba na mikopo, yaani sacco, ndicho kilichosomesha watoto wengi wa mji huu, nasi hatutakitia ila. Lakini yafaa mwanachama atofautishe vitu viwili. Hisa zake hazirudishwi. Akitaka kutoka humuuzia mwanachama mwingine. Akiba yake ndiyo hurudishwa, baada ya kutoa notisi na kuondoa udhamini wake wote. Ule ulinzi wa 500,000 ni wa benki, wala haufiki huku. Tena, mwaka 2025 ilitangazwa kwamba wakaguzi wamekuta upungufu wa zaidi ya shilingi bilioni 13 katika KUSCCO, muungano ambamo sacco nyingi ziliweka fedha za wanachama wao. Basi mkienda katika mikutano ya sacco zenu, msiishie kwenye soda na mkate. Ulizeni fedha yenu imewekwa wapi.

Sasa Serikali. Watu hudhani kukopesha Serikali ni kazi ya matajiri wa Nairobi. Sivyo. Hati za hazina ni za siku 91, 182 na 364. Unalipa pungufu ya kiasi kilichoandikwa, na siku zikitimia unapokea kiasi kamili; tofauti ndiyo faida, nayo hukatwa kodi ya 15 kwa mia. Dhamana za miaka mingi huanzia shilingi 50,000. Tangu mwaka 2023 mtu hujiandikisha kwa simu yake katika mtambo wa Benki Kuu uitwao DhowCSD, bila kupanda gari. Ila faida hiyo hupanda na kushuka: katikati ya mwaka 2024 hati za siku 91 zilikaribia 16 kwa mia, na mwisho wa mwaka 2025 zilikuwa chini ya 8. Mifuko ya pamoja ya soko la fedha hununua hati hizi na kuweka amana katika mabenki kwa niaba ya watu wengi. Humo waweza kuanza na fedha kidogo na kuitoa baada ya siku chache. Muhimu ni kwamba mwenye mfuko awe na leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji.

Juu ya hisa za makampuni, wazee mwakumbuka Safaricom mwaka 2008. Sisi tungali shuleni, lakini twakumbuka foleni. Hisa iliuzwa shilingi 5. Mwaka 2009 ilikuwa chini ya 3. Waliokopa ili wanunue walilazimika kuuza kwa hasara. Waliotumia fedha yao wenyewe wakangoja, waliiona ikipita shilingi 40 mwaka 2021, kisha ikashuka chini ya 15 mwaka 2023. Asiyeweza kuvumilia mawimbi hayo akae pwani.

Sasa ardhi, ambayo ndiyo moyo wa mtu wa Nakuru. Baba zetu walichanga katika makampuni ya kununua mashamba baada ya Uhuru wa 1963. Wengi walipata, na tunakaa juu ya jasho lao. Lakini mwafahamu pia nyumba ambazo hadi leo zina cheti cha hisa kilichokunjwa katika sanduku, na shamba hawana. Ploti yataka kukagua daftari la ardhi, kumleta mpimaji aonyeshe mawe ya mpaka, na ikiwa ni ya kilimo, idhini ya bodi ya ardhi. Na yataka kutazama maji. Ziwa Nakuru limepanda tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010 na kumeza viwanja. Huko Naivasha, watu wa Kihoto waliondoka kwa mashua mwaka 2025. Hati walikuwa nayo.

Tusijifanye wenye hekima. Sisi wenyewe, makarani wanne, tuliwahi kutoa shilingi 30,000 kila mtu kwa watu walioahidi 10 kwa mia kila mwezi. Walilipa miezi miwili. Mwezi wa tatu tulikuta mlango una kufuli na kinyozi wa jirani akitucheka.

Turudi kwenye hoja. Aprili iliyopita tulizika wanachama watatu, na kila nyumba ilipewa shilingi 50,000. Tukinunua ploti tutabaki na 40,000, nayo haitoshi jeneza na gari la msiba mmoja. Ploti haiuzwi usiku wa matanga. Kwa hiyo twapendekeza shilingi 200,000 zibaki benki, 440,000 ziingie katika hati za siku 91 na 182 kwa zamu, na ploti ichangiwe kando na wale wanaoitaka. Karatasi za kura ziko kwa mweka hazina, karibu na mlango.