Kitu cha Aliyekufa Vitani

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake.

Enyi Waislamu! Tunajiusia nafsi zetu na tunakuusieni kumcha Mwenyezi Mungu, aliyetuamrisha katika Suratun-Nisaa tuzirudishe amana kwa wenyewe.

Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia askari wengi wa Kijapani walikwenda vitani na bendera iliyoandikwa majina ya jamaa na majirani zao. Walipouawa, askari wa Kimarekani walizichukua bendera hizo kuwa ukumbusho. Mmoja wao alichukua bendera ya maiti aliyoikuta katika kisiwa cha Saipan mwaka 1944, akakaa nayo miaka 73. Mwaka 2017, naye ana umri wa miaka 93, alifunga safari mpaka Japani akaikabidhi kwa nduguye marehemu, mzee wa miaka 89. Mzee yule aliinamisha uso wake juu ya bendera akainusa. Jamaa zake walikuwa wamepewa na wakuu wao kijisanduku chenye mawe badala ya maiti. Sasa ndipo walipoambiwa alikofia, na kwamba alikuwa kama mtu aliyelala. Kwetu sisi, habari ile ilishinda thamani ya kitambaa.

Huenda mtu akasema: hiyo ni nyara, na nyara ni halali ya aliyeipata. Basi na tukitazame kisa cha Badri. Abul-Aas bin Rabii alitekwa akipigana upande wa makafiri. Mkewe Zainab, binti wa Mtume (S.A.W.), alipeleka kutoka Makka fidia ya kumkomboa, na ndani yake mlikuwa na kidani alichopewa na mama yake, Bibi Khadija, ambaye wakati huo alikwisha fariki. Mtume alipokiona aliingiwa na huruma kubwa. Hakuamrisha kirudishwe, kwa kuwa kilikuwa haki ya Waislamu. Aliwaomba masahaba, wakiona vema, wamwachie mateka na wamrudishie Zainab kilicho chake. Wakakubali. Haki walikuwa nayo, wakaiacha kwa wema.

Baba zetu wa KAR nao walipigana na Wajapani hao hao huko Burma mwaka 1944, na wako waliobaki katika ardhi ile. Wengine wakarejea na barua ya mwenzao, au tasbihi yake, au saa, wakafa kabla ya kuifikisha. Vitu vya namna hiyo si nyara hata kidogo. Ni mali ya warithi. Tena kuna jambo ambalo watu hawalifikirii: katika madhehebu yetu ya Shafii, mali ya aliyepotea hairithiwi mpaka kifo chake kithibitike kwa ushahidi, au kadhi ahukumu baada ya muda ambao mtu kama yeye hadhaniwi kuishi zaidi. Mjane hungoja, na watoto hungoja. Anayejua alipofia mwenzake naye akanyamaza amewafungia mlango.

Kwa hiyo, mwenye kitu kama hicho, au aliyekirithi kwa baba yake, asingoje kufikia miaka 93. Aulize jina, ukoo na kijiji. Akishindwa, akipeleke kwa kadhi, aeleze yote anayoyajua mbele ya mashahidi.

Tunasema haya, na tunamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe sisi nanyi.