Jinsi Sikio Linavyopima Mapigo

Sauti zinazofuatana kwa nafasi sawa hupangwa na ubongo mara tu zinapolifikia sikio. Milio ya saa ya ukutani hulingana, lakini wengi huisikia miwilimiwili, mmoja mzito na mwingine mwepesi. Thaddeus Bolton, mwanasaikolojia wa Marekani, alilichunguza jambo hilo mwaka 1894.

Upangaji huo una mipaka. Milio ikikaribiana mno, chini ya takriban sehemu ya kumi ya sekunde, haihesabiki tena kama mapigo. Ikiachana kwa zaidi ya sekunde 2 hivi, kila mmoja husikika peke yake. Mwendo unaofuatika kwa urahisi zaidi ni wa pigo moja kila nusu sekunde au zaidi kidogo.

La kustaajabisha zaidi ni kwamba mtu anayegonga kidole kufuata mapigo hayo kwa kawaida huyatangulia kwa makumi machache ya milisekunde, bila kujua. Huo ni ushahidi mzito kwamba sikio halingoji sauti, bali huitabiri. Uwezo huo huanza mapema: utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kuwa hata ubongo wa mtoto mchanga aliyelala hushtuka pigo kuu la ngoma linaporukwa.