Lema Lililotundikwa Ukutani

Leo twapenda kuwapeleka Mombasa, katika Kisiwa cha Mvita. Tushuke pamoja vichochoro vya Mji wa Kale, tuipite Ngome ya Yesu ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, mpaka Bandari ya Kale. Somo letu ni vyombo vya kuvulia samaki, vile vya zamani, ambavyo wazee wakivitaja hucheka kidogo, kisha hunyamaza.

Tuanze na lema, ambalo kwingine huitwa dema. Ni mtego uliosukwa kwa fito nyembamba, macho yake yana pembe sita, na mlango wake ni mpana kwa nje, mwembamba kwa ndani. Samaki kuingia ni rahisi. Kutoka ndiyo kazi. Mvuvi alitia mwani ndani yake, maana tafi hupenda mwani, akalizamisha kwa mawe karibu na miamba, akaenda zake. Juu ya maji kilibaki chilezo tu, kipande cha mti mwepesi kilichofungwa kamba, kikielea ili kumwonyesha mwenyewe mahali pa mtego wake.

Na mshipi nao ulikuwa wa pamba iliyosokotwa. Mwishoni palikuwa na ndoana, na hapo karibu chubwi, yaani jiwe dogo au kipande cha risasi cha kuuzamisha. Hata jina la chubwi ni sauti yake iangukapo majini. Mvuvi aliushika mshipi kwa vidole, akasikiliza kwa ngozi yake jambo lisiloonekana kwa macho.

Vyombo hivyo vilitaka kutunzwa. Pamba ikikaa na unyevu huoza. Kwa hiyo nyavu zilianikwa kila zilipotoka majini, zikatiwa katika maji ya magome ya mikoko ili zidumu, na jioni wazee wakaketi na sindano zao wakiziba palipotatuka. Watoto waliketi kando wakajifunza bila kuandikishwa shule: upepo wa kaskazi na wa kusi, bamvua na maji mafu, na samaki yupi arudishwe baharini akakue kwanza.

Kisha mwaka 1938 kampuni moja ya Marekani ilitangaza uzi mpya uitwao nailoni, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia uzi huo ukaenea kwa wavuvi wa dunia nzima. Hauozi, wala hautaki kuanikwa. Vilezo vya mti navyo vikapisha vya plastiki, pamoja na chupa tupu na vipande vya kandambili kuukuu. Hatuji hapa kumlaumu mvuvi. Mwenye watoto wa kulisha hatafuti uzi uozao kwa kuwa tu babu yake aliutumia. Lakini tujue na upande wa pili. Wavu wa pamba ukipotea baharini ulioza, ukaacha kuvua. Wa nailoni ukipotea huendelea kunasa samaki na kasa kwa muda mrefu, wala hakuna alaye. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao.

Wako bado wavuvi wa pwani yetu wanaotega malema, na Mungu awabariki. Lakini siku hizi lema waweza kulikuta pia hotelini, limetundikwa ukutani au limetiwa taa ndani yake, na wageni wakilipiga picha. Ni zuri, hatukatai. Lakini halijaona maji, na halivui kitu. Hapo ndipo penye neno letu la leo.

Nabii Habakuki, katika sura yake ya kwanza, amtaja mtu mwenye nguvu avuaye wanadamu kama samaki, kisha autolea wavu wake dhabihu na kuufukizia uvumba, kwa sababu ndio umnoneshao. Sisi twasema huyo ni mpagani wa zamani. Lakini mtu aweza kuufukizia uvumba wavu mpya, akisema, "Huu ndio utakaotuokoa," na mwingine akaufukizia wavu wa kale, akisema, "Zamani ndiyo iliyokuwa njema." Wote wawili wamemsahau aliyeumba samaki.

Sasa fungua Marko sura ya kwanza. Bwana Yesu alipopita kando ya Bahari ya Galilaya aliwakuta Yakobo na Yohana chomboni wakizitengeneza nyavu zao, akawaita hapo hapo. Kwa nini nyavu zile zilihitaji kutengenezwa? Kwa sababu zilikuwa zimevua. Wavu ulio ukutani hautatuki kamwe. Utatukao ni ule ushukao majini, ukakutana na mwamba, ukabeba uzito.

Ndugu zetu, katika nyumba zetu nyingi imo Biblia ya babu. Imefungwa kitambaa safi, imewekwa kabatini, na jina lake limeandikwa ndani kwa wino uliofifia. Twaionyesha wageni kwa fahari. Kurasa zake zimechakaa kwa vidole vya nani? Ni vya babu. Je, vidole vyetu vimeongeza nini?

Vuka daraja la Nyali uende Kengeleni. Hapo pana mnara wa kengele ya Freretown, mji ambao wamisionari waliuanzisha mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani. Hata mahali pale pakapewa jina la kengele. Ni vyema kukumbuka. Lakini kengele hulia ili watu waje. Kuitaja kila siku kuwa kituo cha matatu si kuitikia.

Basi tufanye nini? Wazee waliojua kusuka lema na kusokota mshipi wanaondoka mmoja mmoja, na mzee azikwapo huzikwa na kazi ya mikono yake isipokuwa amepata wa kumpa. Juma hili nenda kwa mzee mmoja, uwe mtaa wowote, uwe kijiji chochote. Umwamkie, uketi chini, umwombe akufundishe jambo moja: fundo la kamba, au sala aliyofundishwa na mamaye. Usimwombe akuonyeshe tu. Omba akufundishe, nawe ulifanye kwa mikono yako mpaka likukubali. Na ukirudi nyumbani, itoe ile Biblia kabatini, uisome pamoja na watoto. Ikitatuka, tutaishona.

Na tuombe. Ee Baba, twakushukuru kwa wazee waliotuvulia na kutulisha. Utuepushe na kuabudu vyombo, viwe vya kale au vipya. Ututie majini pale unapotutaka, na tutatukapo, ututengeneze tena kwa mkono wako. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.